Msako Katika Barabara ya Mialoni

Baiskeli ilikuwa imepinduliwa uani, magurudumu juu. Bonaria alizungusha gurudumu la nyuma kwa kidole, akatega sikio. Lilipokwaruza alilisimamisha, akakaza spoku kidogo, akazungusha tena. Kesho asubuhi wageni walikuwa wanaingia, mzee mmoja na mkewe, wale wanaovuka bahari kuja Sardinia kutafuta barabara zisizo na magari. Kuwatafutia barabara hizo, kuzikagua na kuwaandalia baiskeli ndiyo kazi iliyowalisha yeye na Antine, mchumba wake. Na ringi iliyopinda kwenye mteremko si jambo la mzaha.

Simu ikatetemeka juu ya ukuta wa mawe. Ujumbe wa Antine.

“Barabara ya mizabibu imejaa tope. Nimegeuza, naenda kukagua ile ya mialoni mpaka darajani. Usinisubiri kwa chakula, fundi wangu.”

Bonaria akaanza kutabasamu, hakumaliza. Ujumbe ulikuwa umetumwa kitambo. Ulikwama huko njiani ambako mtandao huja na kupotea.

Leo ilikuwa Alhamisi. Alhamisi za Novemba, kama zilivyo Jumapili zake, ni za kusaka nguruwe mwitu, na mtu wa Sorgolai, kijiji chao, hakanyagi vichakani siku hizo kama hana bunduki. Lakini msako utakuwa wapi, hilo halitangazwi mpaka alfajiri, maana wasakaji wa Lodderi, kijiji cha pili, wakipata fununu watatangulia. Mkuu wa msako wa Sorgolai alikuwa Bachis, baba yake Bonaria. Jana mezani, akimega mkate, alisema: “Nguruwe wameshuka kula mbegu za mialoni. Kesho tuko bondeni. Neno hili lisivuke mlango.”

Na Antine alikuwa mtu wa Lodderi.

Asubuhi, akiwa na mguu mmoja juu ya pedali, Antine alimuuliza langoni:

“Mzee anasaka wapi leo?”

“Si upande wako.”

“Mlimani basi, kama kawaida yao.”

Bonaria hakujibu. Binti wa mkuu wa msako hafundishwi kunyamaza, anazaliwa nako. Tena hakuona hatari yoyote. Antine alikuwa anakwenda kwenye mizabibu, na kwenye mizabibu hakuna anayesaka.

Alimpigia. Haipatikani. Alimpigia tena, akijua kwamba bonde zima halina mtandao. Akampigia baba yake. Simu iliita mpaka ikakata. Bila shaka ilikuwa imelala garini, kwa sababu kwenye msako wanaume wale wanazungumza kwa redio za mkononi tu.

Kutoka upande wa bonde ukasikika mlio wa bunduki. Mmoja. Vilima vikaurushiana, kisha kimya.

Bonaria alidondosha spana, akachukua baiskeli yake mwenyewe, akatoka bila hata kufunga lango.

Barabara ile ilikuwa ndiyo fahari yake. Lami nyembamba iliyoota nyasi katikati, kuta za mawe huku na huku, mashina ya mialoni yaliyochunwa magome mpaka yakabaki mekundu. Kila mgeni aliyepita humo alirudi akisifu ukimya. Leo ukimya huohuo ulimkausha mate. Alikanyaga pedali huku akihesabu kimoyomoyo vile vyote anavyovijua kuhusu mwanamume wake, kama vile kuvihesabu kungemlinda: anaendesha upande wa kulia, anasimama kunywa maji penye kivuli, amevaa koti la kahawia.

Koti la kahawia. Akakanyaga kwa nguvu zaidi.

Mahali barabara inapoingia bondeni palikuwa na kibao cha onyo, na pembeni yake Predu, mtoto wa ami yake, amevaa kizibao cha rangi ya machungwa, bunduki mkononi.

“Simama hapohapo, dada. Kibao hujakiona, au siku hizi unasoma ramani peke yake?”

“Predu, Antine yuko ndani.”

“Ndani ya nini?”

“Bondeni. Anakagua barabara.”

“Hawezi. Niko hapa tangu jua halijatoka, hata sungura hajapita.”

“Kaingilia juu, kwa njia ya zizi la Filumena. Hajui kama mko huku.”

Uso wa Predu ukabadilika. Aliifungua bunduki yake katikati, akatoa risasi, akazitia mfukoni.

“Kavaa nini?”

“Koti la kahawia.”

“Rangi zote alizoumba Mungu, mwanamume wako kachagua ya nguruwe.” Hakuwa anatania tena. Alinyanyua redio. “Ami Bachis. Ami, binti yako yuko hapa kwangu.”

Sauti ya baba ikaja imekwaruzika, pumzi juu juu: “Mwambie arudi nyumbani. Mbwa wameshaliamsha dume kubwa.”

Bonaria akamnyang'anya Predu redio.

“Baba, simamisha msako.”

“Msako hausimami mbwa wakiwa kazini. Umekulia humu, unajua.”

“Antine yuko ndani.”

Redio ikakoroma tu. Wanaume wote waliokuwa kwenye vituo vyao, kutoka darajani mpaka juu, walikuwa wanasikiliza.

“Yule wa Lodderi?”

“Baba, mimi nina Antine mmoja tu.”

“Nani kamwambia kama tuko huku?”

“Hakuna aliyemwambia. Ndiyo maana yuko huku.”

Halafu kutoka katikati ya bonde pembe ikalia, mlio mrefu usioyumba, wa kusimamisha msako. Kituo cha kwanza kikaitikia, cha pili kikapokea, na sauti ikapanda hivyo mtu kwa mtu hadi ikafika kwenye majabali. Bunduki zote zilikuwa zimefunguliwa. Mbwa peke yao ndio walioendelea kubweka, wao hawajui adabu ya pembe.

Bonaria aliketi kwenye ukuta.

“Usihofu,” Predu alisema. “Angekuwa amepigwa tungeshasikia kelele. Watu wa Lodderi hawafi kimyakimya.”

“Nyamaza, Predu.”

“Nimenyamaza.”

Bachis akatokea kichakani, mtu mfupi, ndevu za mvi zimenasa majani. Hakumsalimu binti yake. Alishika redio, akauliza kituo kimoja baada ya kingine, taratibu, kwa majina. Umemwona mwendesha baiskeli? Hapana. Wewe? Hapana. Wewe? Kila “hapana” ilimwingia Bonaria kama maji ya baridi mgongoni.

Kisha kituo cha juu kabisa kikajibu.

“Baiskeli nyekundu ninayo machoni, Bachis. Imeegeshwa kwa Filumena, ndani ya uzio kabisa. Mwenyewe haonekani. Mlango wa nyumba umefungwa, moshi unafuka.”

“Kapewa maziwa ya moto,” sauti nyingine ikadakia, na redio ikajaa vicheko vya wanaume.

“Atulie aliyesema hivyo,” Bachis alisema, na vicheko vikafa. Lakini neno lilikuwa limeshatoka.

Filumena alikuwa mjane, hajafika arobaini, mzuri wa uso na mwepesi wa mdomo, anaishi peke yake na kondoo wake pale mteremko unapoanzia. Bonaria alihisi masikio yanamwaka. Jambo moja dogo, ambalo alilisukuma kando miezi mingi, likarudi na kusimama mbele yake. Yeye ndiye anayeikarabati baiskeli ya Antine. Mtu anayeteremka bonde lile kila wiki anapaswa kumaliza mpira wa breki kabla msimu haujaisha. Wa Antine ulikuwa kama mpya tangu masika. Alipomuuliza, Antine alicheka: “Nashika breki kwa upole kama ninavyokushika wewe.” Naye kwa ujinga wake akacheka.

Sasa alijua. Hakuwa anateremka. Alikuwa anaishia pale juu, penye moshi.

“Kama yuko nyumbani kwa watu, yuko salama,” Bachis alisema polepole. “Lakini sijamwona kwa macho. Nimtume mtu agonge mlango?”

Bonaria aliliona tukio lote: mwanamume mwenye bunduki anagonga, mlango unafunguliwa, na kijiji kizima kinasikiliza redioni nani katoka amevaa nini.

“Asigonge mtu.”

“Bonaria.”

“Endeleeni, Baba.”

“Una hakika?”

“Nimesema endeleeni. Nimewapotezea muda wenu, nisameheni.”

Baba yake alirudi kichakani, na haikupita kitambo pembe ikalia tena, mara mbili fupi. Bunduki zikafungwa.

Bonaria alipanda kwa njia ya nje, inayozunguka bonde kwa mgongo wa kilima. Alilia nusu ya njia, nusu iliyobaki akapanga maneno. Alipofika zizini alikuwa nayo yote, makali, yamepangwa kama visu.

Baiskeli nyekundu ilikuwa pale ukutani. Alisukuma mlango bila hodi.

Filumena alikuwa ameinamia sufuria kubwa ya shaba, mikono ya gauni imekunjwa, anaopoa jibini laini kutoka kwenye maji ya maziwa yanayochemka. Chumba kilikuwa kimoja. Kitanda kimetandikwa. Hapakuwa na mtu mwingine.

“Funga mlango, upepo unaniharibia moto,” alisema bila kugeuka. Kisha akageuka. “Ah. Ni wewe.”

“Yuko wapi?”

“Nani?”

“Usinichezee, Filumena. Mwenye baiskeli ile.”

“Leo huniiti dada tena?” Filumena aliweka mwiko chini. “Kaiacha kama kawaida yake, kaenda.”

“Kaenda wapi?”

“Bondeni. Kwa miguu.”

Maneno yote ya Bonaria yakamponyoka.

“Kwa miguu? Kwa nini kwa miguu?”

Filumena akanawa mikono, akaifuta kwenye aproni, akionekana kupima aseme au asiseme.

“Ungemuuliza mwenyewe ingekuwa bora, mdogo wangu. Lakini basi. Tangu alipoanguka ile masika, akavunjika mtulinga, hawezi kuteremka. Mfupa umeunga, moyo haukuunga. Nimemwona kwa macho yangu hapo nje: anafika kwenye ukingo wa mteremko, anakamata breki, anatetemeka mikono yote, jasho linamtoka. Anashuka kwenye baiskeli, anaiegesha kwangu, anakwenda na kurudi kwa miguu. Anakagua kila jiwe, usidhani anazembea. Kisha anaipanda kurudi kwako, anasema ameteremka.”

“Na wewe ukanyamaza.”

“Mtu akificha woga wake, nani mimi nimvue nguo barabarani?”

“Nilidhani...” Bonaria hakumaliza.

“Najua ulichodhani. Kijiji chote kinadhani hivyo kila mwanamume akija kuomba maji. Nimezoea.”

Mlio wa bunduki ukapasuka bondeni, karibu kuliko ule wa kwanza, na mbwa wakalipuka kwa kelele.

Bonaria alishika fremu ya mlango.

“Nimewaambia waendelee,” alisema. “Dada Filumena, Baba alisimamisha. Mimi ndiye niliyewaambia waendelee.”

Filumena hakumlaumu wala hakumfariji. Alifungua mlango wa nyuma, akamwita kondoo wake mkongwe, akamvua kengele shingoni, kengele nzito ya shaba yenye ukanda wa ngozi.

“Vaa hii. Hapa hakuna mwindaji anayefyatua penye sauti ya kengele ya kondoo. Hata mlevi hafyatui. Iache ipige, usiishike.”

“Na yeye hana kengele.”

“Basi mfikie upesi. Kituo cha juu kiko ng'ambo ya bonde, ukiita sauti haifiki.”

Bonaria alijivisha kengele, akaelekeza baiskeli kwenye mteremko.

Alikuwa ameushuka mteremko ule mara nyingi akiimba. Leo kila kona ilikuwa na kitu nyuma yake. Kengele iligonga kifua chake, ga-la, ga-la, na baina ya mlio na mlio alisikia vichaka vikivunjika sambamba naye. Alitaka kuita jina la Antine, akahofu kwamba akisikia ataruka kutoka alipo, akimbilie barabarani, mtu wa kahawia anayekimbia kati ya majani. Akahofu pia kwamba akinyamaza atampita. Akaita. Sauti ikatoka nyembamba, hata hakuitambua.

“Antine!”

Kitu cheusi kikachomoka kulia, kikavuka lami kikikoroma, kikapasua kichaka cha kushoto. Dume. Mbwa wawili wakapita nyuma yake, mmoja akigusa gurudumu. Bonaria akayumba, akagonga ukuta, akaanguka juu ya kiwiko. Bunduki ikalia. Gome la mwaloni likaruka vipande juu ya kichwa chake, na harufu ya moto ikamjaa puani.

Alilala palepale akitikisa kengele kwa mkono, kama mwendawazimu.

“Nani yuko na kengele huko?” sauti ya kiume ikauliza kutoka kwenye majabali. Ilikuwa inatetemeka. “Filumena, kondoo wako wamefunguka?”

“Ni mtu! Ni Bonaria wa Bachis! Tuko wawili humu!”

“Mama Maria,” yule mwanamume akasema. Kisha akasikika akipiga kelele redioni, na pembe ikalia ule mlio mrefu, ikapokewa, ikapokewa tena.

Bonaria akainuka. Kiwiko kilikuwa kinavuja damu, hakukiangalia. Aliita. Hakuna aliyejibu. Kwa kuwa sasa bunduki zilikuwa zimenyamaza, aliogopa zaidi, maana mtu aliye hai angeitika. Alikokota baiskeli hadi kona iliyofuata.

Pale mvua za wiki ile zilikuwa zimebomoa ukuta wa juu. Mawe yalikuwa yamemwagika yakaziba lami. Nusu ya njia ilikuwa imesafishwa, mawe yamepangwa pembeni kwa utaratibu, makubwa chini, madogo juu. Nyuma ya rundo lile, kifudifudi, mikono juu ya kichwa, alilala mtu mwenye koti la kahawia.

Hakutikisika.

Bonaria alipiga magoti. Aliutazama mgongo ule, akatafuta shimo, akatafuta damu, hakuona. Akamgusa.

Antine aliruka kama aliyeunguzwa, akarudi nyuma kwa makalio hadi ukutani. Uso wake ulikuwa mweupe kwa vumbi, macho mekundu.

“Wamekwenda?”

“Wamesimamisha. Umeumia wapi?”

“Sijaumia. Nilisikia unaniita, sikuweza kuitika. Niliogopa hata kuinua kichwa.” Akaiona kengele. “Umefanya nini, Bonaria? Umeshuka katikati ya msako kwa ajili yangu?”

“Mbona hukuniambia?”

“Nini?”

“Kwamba huwezi kuteremka.”

Antine aliinamisha kichwa. Alianza kusugua vumbi kwenye viganja, akasugua muda mrefu.

“Ningekuambiaje? Harusi yetu ni baada ya Pasaka. Kazi yetu ni baiskeli. Umepanga maisha na mwanamume anayewaongoza watu milimani, ukalale siku moja uamke na mtu anayelia akiona kona? Nikasema nitapona kabla hujajua. Kila wiki nikasema wiki ijayo.”

“Mimi ndiye ninayebadilisha mipira ya breki zako. Ulidhani sitaona?”

“Nilidhani utauliza mara ya pili.”

“Niliogopa jibu.”

Wakakaa. Mbwa mmoja aliyepotea akaja akawanusa, akaondoka.

Bonaria alijua kwamba anaweza kunyamaza hapo. Antine hakujua kilichotokea kibaoni, na waliojua walikuwa watu wa Sorgolai, mabingwa wa kunyamaza. Angeweza kuolewa na ukimya huo, akauweka ndani kama wengine wanavyoweka.

“Kuna jambo,” alisema. “Baba alisimamisha msako mapema. Mara ya kwanza. Wakaona baiskeli yako kwa Filumena, wakacheka. Baba akaniuliza, nimtume mtu ahakikishe? Nikakataa. Nikamwambia aendelee.”

Antine aliacha kusugua viganja.

“Ulidhani niko kitandani kwake.”

“Ndiyo.”

“Na risasi zilizonipita hapa, zilikuja baada ya hapo.”

“Ndiyo. Na asubuhi uliponiuliza langoni wanasaka wapi, nilikuwa najua. Sikukuambia, kwa sababu wewe ni wa Lodderi.”

Antine aliyaangalia mawe ya barabarani badala ya kumwangalia yeye. Bonaria alisubiri. Alikuwa ameogopa mambo mengi siku ile, lakini kusubiri huku kulikuwa kwa aina yake, hakuna kengele ya kuvaa.

Nyayo zikasikika. Bachis alikuwa anashuka, bunduki imefunguliwa begani, Predu nyuma yake. Mzee alimtazama Antine kuanzia kichwani mpaka viatuni, mara mbili. Akavua kofia.

“Uko mzima?”

“Mzima, mzee.”

“Mwaka jana nilisema wewe ndiye uliyewapelekea Lodderi habari za msako wetu. Nilisema mbele za watu.” Akaikunja kofia mkononi. “Mtu anayejua siri zetu hangekuwa humu ndani leo. Sikuwa na ushahidi, nilikuwa na hasira tu. Nitalisema hilo palepale niliposemea.”

Antine aliitika kwa kichwa. Bachis akamgeukia binti yake.

“Na wewe usimlaumu mtu. Kunyamaza nilikufundisha mimi.”

“Kuongea nilijifunza mwenyewe, Baba. Nilisema endeleeni.”

“Na mimi nikapuliza pembe bila kugonga mlango. Mkuu wa msako ni mimi, si wewe.” Akavaa kofia. “Predu, kusanya mbwa. Leo hakuna nyama.”

“Bora hivyo, ami,” Predu alisema, akimpa Antine kizibao chake cha rangi ya machungwa. “Chukua, shemeji. Ukioa na koti hilo, padre naye atakufyatulia.”

Hakuna aliyecheka, lakini Antine alikipokea, akakivaa.

Wakabaki wawili. Jua lilikuwa limeanza kuegemea kilimani. Antine alisimama, akaenda kwenye mawe, akainama juu ya moja kubwa, akalijaribu. Halikutoka. Bonaria hakujua kama mgongo ule ulikuwa mlango unaofungwa au la. Alivua kengele, akaitundika kwenye usukani, akabaki amesimama.

“Shika upande huo,” Antine alisema.

Akashika. Wakaliinua pamoja, wakatembea nalo hatua fupi fupi, wakalitua pembeni. Wakarudi kwa lingine. Walifanya hivyo muda mrefu bila kuzungumza, isipokuwa “hapa,” na “polepole,” na “angalia mguu.” Kiwiko chake kilipoanza kuvuja tena, Antine alikifunga kwa leso yake, akakaza fundo kwa uangalifu, bila kumtazama machoni.

“Nimekasirika,” alisema akiwa bado ameshika fundo.

“Najua.”

“Sijui itakwisha lini.”

“Na mimi sijui wivu wangu kwa Filumena utaishaje, na hata sababu hauna. Aibu tupu.” Akasita. “Padre anataka jibu la tarehe ya harusi Jumapili hii.”

Antine alichukua jiwe dogo, akaliweka juu ya rundo, akalisawazisha.

Kivuli cha kilima kilipofika kwenye lami, mawe yalikuwa bado yameziba upande mmoja, na baadhi yalihitaji mtaimbo. Hapakuwa na baiskeli ya kupita hapo. Wageni wangepelekwa kwenye mizabibu, tope halijapata kuua mtu. Antine alikata matawi mawili, akayasimamisha kati ya mawe yawe onyo kwa wapitaji. Kisha wakaanza kupanda, Bonaria akiisukuma baiskeli, Antine upande wa pili, mkono wake juu ya tandiko.

Karibu na zizi, moshi wa Filumena ukianza kunukia, Antine akasema:

“Kesho wageni wakishatoka na baiskeli, njoo na mtaimbo wa baba yako. Na glavu.”

“Nije?”

“Mawe ni mengi, Bonaria. Sitayamaliza peke yangu.”